Nililipa mwezi wa tatu, sufuria bado ziko njiani

Jambo sana, Yaya, dada yetu mkubwa.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nina watoto watatu na ninauza vikwembe, yaani vitenge, kidogo kidogo palepale kwenye lupango, uwanja wa nyumba yetu. Majibu yako nayasoma kila mara, na sitakuficha, matatizo ya wenzangu mengine nayacheka. Leo ni zamu yangu kuchekwa.

Mdogo wetu wa mwisho anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Mama yetu alishatutoka, mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo vyombo vya kumsindikiza kwa mume wake viko juu ya kichwa changu. Mwezi wa tatu zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ilifika, nikapokea dola 300. Jumapili ileile usiku nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mama mmoja anayeuza vitu vya nyumba. Ana kawaida ya kuonyesha vitu vyake moja kwa moja kwenye simu watu wakishamaliza kula. Anashika sufuria, anaigonga kwa kijiko tusikie mlio, anaigeuza tuone chini panavyong'aa, anasema: "Wamama, zimebaki seti tano, komande (oda) inafungwa usiku huu!" Seti yenyewe ni sufuria kumi na mbili na vifuniko vyake vya kioo. Ile aliyoshika ilikuwa ya mfano. Zetu zilikuwa bado China.

Alitoa bei mbili. Anayeweka avansi ya nusu na kumaliza siku ya kupokea, dola 220. Anayelipa yote siku hiyo, dola 180. Nilikwisha kuona seti kama ile kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa 210. Nikaona nimepata, nikalipa yote kwa simu kabla watoto hawajalala. Alituandikia: "Katikati ya mwezi wa sita mko nazo mkononi."

Katikati ya mwezi wa sita akasema mzigo uko Dar es Salaam. Mwisho wa mwezi ukawa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sasa tuko katikati ya mwezi wa saba, na juzi ametuma odio kwamba kilo imepanda, kila mtu aongeze dola 25, asiyeongeza vitu vyake atapewa mwingine. Na siku ileile, Yaya, amefungua komande ya Noeli! Friza ndogo, mapazia, seti za vikombe, na maneno ni yaleyale: zimebaki tano.

Mume wangu hajui. Anajua nilimkopesha shangazi pesa za dawa. Kila akiuliza shangazi atarudisha lini, natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Halafu kuna binamu yangu yuko Texas. Yeye kule ananunua kwenye televisheni, chaneli inayouza vitu vya nyumba mchana na usiku. Anasema hata kule unaweza kuagiza kitu ambacho bado hakijafika kwenye ghala, lakini pesa haitoki kwenye kadi yako hadi katoni iondoke. Amenicheka sana, eti sisi huku tunalipia hewa. Ameahidi kumwagizia bibi harusi sufuria ya umeme ya kupikia maharage na mashine ya kusagia matunda, ampe mtu anayesafiri kuja huku mwezi wa nane.

Basi nauliza. Niongeze hizo 25 au nidai zangu? Na kuagiza kitu mapema ni ujinga, au ni mimi niliyekosea namna ya kuagiza? Na za Texas nizikubali?

Mama wa Katuba

*

Jambo mdogo wangu,

Nianze na dola 25, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi. Usizitoe kabla huyo mama hajakujibu swali moja: kilo ipi?

Mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo. Mzigo wa meli, huu wa grupaji ambamo katoni za watu wengi huingizwa katika kontena moja, kwa kawaida hulipiwa kwa nafasi unayoichukua, yaani mita za ujazo. Kama sufuria zako zilipita Dar es Salaam, basi zilikuja kwa maji. Sasa kilo imetoka wapi? Inawezekana mama wa watu anatumia neno "kilo" kwa gharama yoyote ya njiani, wengi hufanya hivyo. Inawezekana pia kwamba amekamatwa na deni mahali, na anatafuta dola 25 kwa kila kichwa ili atokee. Jibu lake litakuonyesha. Mtu mwenye mzigo kweli anayo makaratasi ya msafirishaji, anayo picha ya katoni zenye alama yake, anajua ziko katika ghala gani. Asiye nao atakutumia odio nyingine ndefu, na Mungu atatajwa ndani yake mara tano.

Halafu fungua simu yako, rudi nyuma hadi ile Jumapili, usome upya. Hapo ameandika "180" na ameandika "mkononi". Neno "mkononi" ni zito. Wapo wafanyabiashara wanaotoa bei ya China tu, na forodha na usafiri vinakuja baadaye kwa mnunuzi. Hao husema hivyo tangu mwanzo, na hakuna wa kuwalaumu. Anayesema mkononi ameshajumlisha meli, lori, forodha ya DGDA na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, au alipaswa kujumlisha. Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ya zamani kuliko bibi zetu lakini bado inatumika Kongo, inasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Na tangu Machi 13, 2023 tunayo Code du numérique, mkusanyo wa sheria za mambo ya kidijitali, ambayo inagusa hata biashara ya namna hii ya kwenye simu. Kwa hiyo usifute mazungumzo hayo, na ule ujumbe wa pesa ulizotuma usiufute. Vipige picha, mtumie mtu unayemwamini avitunze. Simu za Lubumbashi tunazijua, leo iko mkononi, kesho iko kwa mwenye nayo mpya.

Sasa tuhesabu, wewe na mimi, kama tunavyohesabu vikwembe. Sokoni 210. Ulilipa 180, ukaokoa 30. Ukiongeza 25 utakuwa umelipa 205. Umebaki na dola 5 za faida, na kwa dola hizo 5 umesubiri miezi minne, umemdanganya mume, na umemfanya mgonjwa shangazi ambaye nadhani ni mzima kabisa.

Pale penye bei mbili ndipo mchezo wote ulipokuwa. 220 kwa anayeweka nusu, 180 kwa anayelipa yote. Dola 40 zile wewe uliziona kama punguzo. Mimi naziona kama malipo aliyokupa ili hatari yote uibebe wewe. Mwenzako aliyeweka 110 leo naye amekasirika, lakini 110 nyingine bado iko kwenye mkoba wake, na mama wa sufuria anajua kwamba bila kumpelekea vyombo hataiona. Wewe huna kamba ya kumvutia. Mwezi wa tatu hukununua sufuria, mdogo wangu, ulikopesha. Ulimpa mtu mtaji wa miezi mitatu bila riba, bila dhamana, bila kuuliza ana madeni gani mengine. Benki haikupi hivyo hata ukienda na mchungaji.

Sisemi ni mwizi. Nimewahi kukaa na wanawake wa kazi hii, najua wanavyoendesha. Wengi hawana mtaji wa kujaza hata robo ya kontena. Wanaonyesha mfano, wanakusanya pesa za watu, pesa zikitosha ndipo wanatuma kwa mtu wao wa Guangzhou, China, anunue. Zisipotosha wanangoja. Unapoambiwa "komande inafungwa usiku huu", mara nyingi haifungwi. Inangoja watu wengine kumi. Katoni zikishanunuliwa zinakaa ghalani huko hadi kontena lijae. Zikipakiwa ni majuma mengi baharini. Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu ni kilomita karibu 2,000 za lori, Tunduma, Nakonde, Zambia yote hiyo, halafu foleni ya Kasumbalesa ambayo hakuna anayeweza kuiapia. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na sisi kwa siku kadhaa, kwa ajili ya mzozo wa bia na vinywaji baridi, na watu waliokuwa wameahidi vitu vya harusi wiki ile walizima simu. Sufuria hazikuwa na kosa, wala bia hawakuagiza wao. Ukiongeza sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, Januari au Februari, viwanda vinapofungwa kwa majuma, utaelewa kwa nini anayekuambia tarehe anakuambia matumaini yake.

Kwa hiyo anayeahidi "katikati ya mwezi wa sita" kwa pesa iliyokusanywa mwezi wa tatu, aidha ana bahati kubwa au ameanza kazi jana.

Binamu yako wa Texas amekucheka, na kwa jambo la kadi ana haki. Lakini asifikiri Wamarekani walizaliwa na akili hiyo. Biashara ya kuuzia watu vitu majumbani kwa matangazo ilianzia huko kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1977, kule Clearwater, Florida, kituo kimoja kidogo cha redio kilikuwa na mteja wa matangazo aliyeshindwa kulipa deni, akaleta vifungulio vya makopo 112 badala ya pesa. Mtangazaji akavinadi hewani, vikaisha. Kutoka hapo ikazaliwa chaneli ya televisheni ya HSN, na mwaka 1986 akaja mshindani wake QVC; baadaye, 2017, kampuni mama ya QVC ikainunua HSN. Angalia lakini: vile vifungulio vilikuwa tayari mezani. Aliyepiga simu alikuwa ananunua kitu kilichopo. Kuuza kisichokuwepo kulikuja baadaye, na pale ndipo sheria ilipohitajika. Tangu mwaka 1975 wao wana kanuni ya biashara ya kuagiza kwa posta, ikaja kuongezewa simu na intaneti: muuzaji lazima atume kitu ndani ya muda aliousema, na kama hakusema muda, ndani ya siku 30. Akichelewa lazima amjulishe mnunuzi na ampe nafasi ya kufuta na kurudishiwa pesa zake zote. Hapo muuzaji hawezi kukuambia "ongeza 25 au nampa mwingine".

Ndiyo maana kule kuagiza mapema ni kitu kizuri kabisa. Unashika nafasi, bei inabaki ileile hata kama kitu kikija kikapanda, ukibadili mawazo kabla hakijaondoka unafuta, na pesa yako inaendelea kulala kwako. Ubaya uliobaki ni mdogo: kusubiri, kusahau uliagiza, kadi kukatwa siku ambayo hukuitegemea, na kuona kitu kilekile kimeshuka bei mwezi unaofuata. Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye kioo, na idadi ya vitu inayopungua mbele ya macho yako. Hiyo ni dada wa "zimebaki tano". Hata binamu yako, muulize ana mashine ngapi ndani ya makabati ambazo hajafungua katoni.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi: kuagiza mapema si ujinga. Ulikosea mahali pa kuiweka pesa.

Hata mimi naagiza. Kuna vitu huvipati hapa mjini, au unavipata kwa bei ya kutukanwa, na mwenye kuagiza mapema ndiye anayechagua rangi na kipimo. Anayengoja mzigo ufike anachukua yaliyobaki. Ukiwa na avansi kidogo unaweza kulipa polepole, jambo ambalo mwenye butike hatakukubalia. Na yule mama naye, ukimwagiza mapema, haleti vitu asivyojua kama vitauzika. Inafaa pande zote, pesa ikikatwa sawasawa.

Lakini kuna jambo ambalo hata pesa haiwezi kulitengeneza, nalo ni kununua kwa macho ya mwenzako. Miaka michache iliyopita niliagiza mapazia kwa mwanamke mmoja, si huyo wako. Kwenye simu yalikuwa ya rangi ya mchanga, yanagusa sakafu, yanapepea vizuri. Yalipofika niliyatandaza kitandani. Rangi ilikuwa ya mchanga, ndiyo, mchanga uliokojolewa. Nikayatundika. Yaliishia juu ya sakafu kwa mikono miwili, kama sketi ya mwanafunzi aliyerefuka ghafla. Nikampigia, akaniuliza: "Mama, ulisema kipimo?" Sikuwa nimesema. Nilikuwa nimesema "kama hayo". Dirisha langu na dirisha la kwenye picha havikuwahi kuonana. Yako hapo hadi leo, mgeni akiuliza namwambia ni mtindo.

Sufuria zako nazo nina wasiwasi nazo, na hapa nisikilize vizuri, hata kama zikifika kesho. Umesema vifuniko vya kioo na chini panang'aa. Je, mishikio ni ya nini? Seti nyingi za namna hiyo zina mishikio ya plastiki ngumu nyeusi, kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu anayepikia gesi au umeme, moto unakaa chini katikati. Mdogo wako atapikia nini? Kama ni Lubumbashi hii ninayoijua, umeme utakuja atakapokuwa amelala, na chakula cha mchana kitapikwa kwa makala, yaani mkaa, juu ya mbabula, jiko letu la mkaa. Moto wa makala haukai katikati, unapanda pembeni, unalamba mishikio. Kwanza unasikia harufu, halafu mshikio unalainika, halafu parafujo linabaki peke yake limening'inia, na unaanza kushika sufuria kwa kitambaa. Na sufuria yenye chini nyembamba, ukisonga bukari (ugali) ndani yake kwa nguvu za kawaida za mwanamke wa kwetu, inazunguka juu ya mbabula kama densi, siku ya tatu imebonyea. Ile sauti ya kijiko iliyokupendeza, mlio mwembamba wa "ting", nayo ilikuwa inakuambia kitu. Sufuria nzito inalia chini, kama mtu anayekohoa.

Basi akikuletea, fungua mbele yake. Kama mishikio ni ya chuma na chini pana uzito, chukua. Kama siyo, una sababu nyingine ya kuongea naye bei.

Za Texas. Sufuria ya umeme na mashine ya kusagia: mwambie binamu yako asante sana, hapana. Amerika umeme wao ni volti 120. Wetu ni 220. Ukiichomeka tu, mashine itapiga kelele moja kubwa ambayo hukuwahi kuisikia, itatoa moshi, na huo ndio utakuwa mwisho wa zawadi. Kuna transfoma za kugeuza, lakini sufuria ya kuchemsha inakula umeme mwingi, na transfoma ya kuibeba ni nzito na ina bei yake. Mtu wa ndege ana begi la kilo 23, hatakubali. Tena hata kichwa cha waya chenyewe hakiingii kwenye plagi zetu. Kama anataka kutoa, aagize visu vizuri, mashuka, taulo, vitambaa vya meza, kitu kisichohitaji umeme wa SNEL. Na aangalie tarehe: chaneli inapouza kitu cha kuagiza mapema huandika siku inayokadiriwa kuondoka. Kama siku hiyo ni baada ya msafiri wenu kupanda ndege, achague kilicho tayari ghalani.

Sasa la kufanya.

Nenda kwake. Odio zimetosha. Usiende peke yako wala usiende na watu kumi. Chukua mtu mzima mmoja anayeongea kwa upole, shangazi yuleyule anafaa, maana naye ana jina la kusafisha katika hadithi hii. Fikeni asubuhi kabla wateja hawajaja, kaeni, ombeni maji ya kunywa. Mwonyeshe mazungumzo. Muulize mzigo uko wapi leo na karatasi gani inaonyesha hivyo. Kama uko Kasumbalesa kweli, ni kilomita zisizofika 100, si mbinguni. Kuna mtu wake kule, ampigie mbele yenu. Akionyesha, na ukaona kweli gharama zimemzidi, hapo unaweza kumwambia: nitaongeza kidogo, siku ya kupokea, sufuria zikiwa mbele yangu. Kabla, hapana.

Asipoonyesha, usimwombe pesa. Pesa hana, nakuambia hivyo kwa sababu mwenye pesa hafungui komande ya Noeli mwezi wa saba. Hiyo ya Noeli ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko kuchelewa kwenyewe. Huenda anakusanya za Noeli ili azibe shimo la mwezi wa tatu. Kwa hiyo angalia kuta za nyumba yake. Mwuza vitu vya nyumba hakosi vitu: termosi, sahani, beseni, zulia. Mwambie utachukua vya dola 180 leo, kwa bei anayowauzia wengine, na mtaandikiana karatasi kwamba mmemalizana. Utarudi na vitu ambavyo hukuvitaka sana, lakini vitakuwa vimekaa kwenye lupango lako, na unajua kuuza. Akikataa hata hilo, andikianeni karatasi ya deni yenye tarehe, saini yake na ya shangazi, kisha mfike kwa shefu wa mtaa. Mahakama ipo, lakini kwa dola 180 anza na wazee. Utatumia pesa kidogo na pengine utalipwa mapema.

Ukipewa noti za dola, zigeuze moja moja. Iliyochanika ukingoni kidogo tu, mrudishie palepale, kwa sababu sokoni hakuna atakayeipokea na yeye atasema alikupa nzima.

Harusi isimamishwe na sufuria? Hapana. Za kupikia wageni zinakodishwa, kama tunavyokodi za matanga. Za kumpa bibi harusi, bado una muda. Dola 120 zilizobaki za likelemba natumaini zipo. Nenda soko la Kenya, usinunue seti, nunua sufuria nne nzito za alumini, moja ya bukari, moja ya sombe (kisamvu), moja ya maharage, moja ndogo ya chai. Nyingine nane angezitumia lini?

Mume wako mwambie kabla hujaenda kwa huyo mama, usiku huu kama unaweza. Hatafurahi. Atasema alijua. Mwache aseme, mwekee chakula. Kibaya zaidi ni akutane na shangazi barabarani amwulize kama dawa zimemsaidia.

Na ya Noeli: kama bado unaitaka ile friza, mwambie wazi kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba utaweka robo, na iliyobaki siku ya kupokea, kwa bei yoyote atakayoisema. Uone wangapi wataandika "na mimi" chini yako.

Ukitoka kwake niandikie mishikio ilikuwa ya nini.

Yaya